Tuuachie Moto wa Radi Nafasi Yake: Wito kwa Majirani wa Majengo

Tarehe 2 Januari 2010, watu wa Goma wakiwa bado wanatakiana heri ya mwaka mpya, mlima wa volkano wa Nyamulagira ulipasuka ubavuni. Lava ikashuka upande wa Sake na kwa karibu mwezi mzima ikala msitu njiani. Miti iliyoguswa iliwaka, majani ya pembeni yakashika, moshi ukapanda juu ya Parki ya Virunga. Walinzi wa parki walikuwa na wasiwasi juu ya sokwemtu wapatao 40 wa upande ule. Lakini hakuna aliyepeleka ndoo ya maji. Kazi iliyokuwepo ni kutazama, kupima, kuandika, na kuhakikisha kwamba lava haielekei kwenye nyumba za watu.

Naleta habari hii kwenu, majirani zangu, nikijua kwamba sisi wa kartie ya Majengo, hapa Goma, tuna haki ya kuogopa moto kuliko wengi. Tarehe 22 Mei 2021 lava ya volkano ya Nyiragongo ilisimama Buhene, mlangoni petu. Siku tano baadaye Majengo ikatajwa pamoja na Mabanga, Bujovu, Murara, Virunga na kartie nyingine zilizoamriwa kuhama, na familia zikafunga mizigo kuelekea Sake, Rutshuru, Gisenyi na Bukavu. Hata bila volkano, nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimebanana, na mshumaa mmoja uliosahaulika unaweza kumaliza avenyu nzima usiku mmoja. Moto wa nyumba hauna mjadala. Unazimwa papo hapo, kwa kila mkono ulio karibu, na chifu wa kartie anaamshwa hata saa nane za usiku.

Ombi langu ni kwamba tusiupime moto wa porini kwa kipimo cha moto wa avenyu.

Kuna moto usio na mwenyewe. Kwetu huzaliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni volkano: Nyamulagira peke yake umelipuka zaidi ya mara 40 tangu 1885, na lava yake ya 1938 hadi 1940 ilitembea mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Ya pili ni radi. Mwaka 2016 wanasayansi waliosoma vipimo vya setilaiti vya miaka 16 walipanga mahali pa dunia panapopigwa radi zaidi. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilishika nafasi ya kwanza. Pa pili palikuwa Kabare, ng'ambo ya ziwa letu. Sake, pale tunaponunua kabichi na viazi, ilikuwa ya tano, ikiwa na mimweko kama 143 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Butembo ilikuwa ya tisa. Tunaishi basi chini ya moja ya mbingu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na hilo si la jana.

Najua kwamba kwetu radi ina habari nyingine. Ikipiga ng'ombe au mtoto, watu huanza kuulizana nani aliituma, na maswali hayo yameshavunja familia na kuua wazee wasio na hatia. Sitaki kulipita hilo kimya. Radi inayopiga mti mkavu katika uwanda wa Rwindi, ndani ya parki, haikutumwa na jirani yeyote. Ni sehemu ya nchi ile, sawa na mvua inayokuja nayo.

Mara nyingi mvua hiyo hiyo huuzima moto kabla haujafika mbali. Lakini mwisho wa kiangazi, Agosti ikiishia, nyasi zikiwa zimekauka hadi mizizini, wingu linaweza kuja na umeme mwingi na maji machache. Hapo cheche hushika, na moto hutembea siku moja au mbili mpaka ukutane na mto, na bonde lenye unyevu, au na mvua ya kweli.

Na uwanda unaufahamu moto huo. Nyasi za Rwindi na Rutshuru, kusini mwa Ziwa Edward, huficha machipukizi yake chini ya udongo. Juu panaungua majani makuukuu yasiyoliwa na mnyama yeyote, chini mzizi unabaki mzima. Mvua ikinyesha, ndani ya siku chache uwanda unakuwa kijani, na swala, nyamera, mbogo na ngiri wanakusanyika pale palipokuwa peusi kwa sababu jani changa lina nguvu ya chakula ambayo jani kuukuu limeipoteza. Moto huo huo hurudisha nyuma vichaka vya miiba ambavyo, vikiachwa, hufunga uwanda na kuwafukuza wanaokula nyasi. Kizuri zaidi ni moto usio sawa kila mahali: hapa umeunguza, pale umeruka, kule haukufika. Ndege anayetaga chini anapata pa kutagia, kobe anapata pa kujificha, na mbogo dume mzee anapata malisho bila kuacha kivuli.

Moto hauifanyi kazi hii peke yake. Nyasi zina walaji wengi, na moto ni mmoja wao. Katika Serengeti, ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwa chanjo ya mifugo, nyumbu waliongezeka kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja kabla ya 1980. Walikula nyasi ambazo zamani zilibaki kuungua, mioto ikapungua, na miti ikarudi mahali ilipokuwa imetoweka. Sasa tutazame kwetu, tuone uchungu wake. Katikati ya miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000, wengi kuliko mahali pengine popote. Kufika 2005 walikuwa wamebaki pungufu ya 1,000, wameuawa kwa nyama na meno katika miaka ya vita. Kila usiku kiboko mmoja hula makumi ya kilo za nyasi. Ondoa maelfu yao, na majani hurefuka, hukauka yakiwa marefu, na moto ukija unakuwa mkali kuliko ule ambao nchi imeuzoea. Kwa hiyo anayemlinda kiboko wa Virunga anaupoza pia moto wa Rwindi. Ndiyo sababu nilifurahi sana mwaka 2020 iliposikika kwamba tembo kama 580 wamevuka kutoka hifadhi ya Queen Elizabeth ya Uganda na kuingia upande wetu. Walianza kuvunja vichaka vilivyokuwa vimefunga uwanda, na wanyama wengine wakarudi nyuma yao.

Hayo yote ni ya uwanda. Tukipanda kwenye msitu wa mlimani, kwenye mianzi na miti mikubwa ya mlima Mikeno wanakoishi gorila, mambo yanabadilika kabisa. Msitu ule haukuumbwa kuungua mara kwa mara. Kilimanjaro inatufundisha hapa: mioto mingi ya zamani na ya karibuni, ukiwemo ule wa Oktoba 2020, imeshusha ukingo wa juu wa msitu, na pamoja na miti hiyo yamepotea maji ambayo majani yake huyakamata kutoka kwenye ukungu. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba kila moto wa porini ni mzuri, msimwamini. Mahali ndipo panapoamua.

Na kuna ardhi ya lava, ambayo ni yetu zaidi kuliko ya mtu yeyote. Nani wa Goma hajui jinsi jiwe jeusi linavyoanza kuvaa? Kwanza unakuja utando wa kijivu unaoshika jiwe tupu. Baadaye kangaga huota kwenye nyufa, kisha vichaka, na baada ya miongo mingi mti. Lava inapopita msituni huacha visiwa vya miti ambavyo haikuvigusa, na kutoka humo mbegu na wanyama hutoka kwenda kuijaza tena nchi mpya. Sokwemtu wa Tongo wanaishi katika kisiwa cha namna hiyo, msitu uliozungukwa na mawe ya milipuko ya zamani. Kisiwa kile kikikatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa, hakuna moto wa asili wala mvua itakayokirudisha katika maisha ya wajukuu wetu.

Kuchunga moto wa asili, basi, maana yake nini? Ni kazi ya mchungaji anayemfuata ng'ombe malishoni: hamfungi kamba, lakini hamwachi machoni. Kabla ya kuamua kuuacha, walinzi huuliza umewashwa na nini, upepo unatoka wapi, nyasi zina unyevu gani, mbele kuna kijiji au shamba, na eneo lile liliungua lini mara ya mwisho. Jibu moja likiwa baya, moto unazimwa. Yote yakiwa mazuri, unaachwa utembee, watu wakiufuata. Kando ya makao ya wavuvi yaliyo ndani ya parki, Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, mkanda wa nyasi unaweza kufyekwa au kuchomwa mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, ili moto mkubwa ukifika hapo ukose chakula.

Marekani, baada ya miongo ya kuzima kila moto, ilibadili kanuni za hifadhi zake mwaka 1968 na kukubali kwamba moto wa radi una kazi yake. Mwaka 1988, katika ukame mkali, karibu asilimia 36 ya Yellowstone ilipitiwa na moto, na watu wengi walilia kwamba hifadhi imekufa. Haikufa. Miche ya misonobari iliota kwenye majivu kwa mamilioni. Hata hivyo sera haikubaki vilevile. Baada ya mwaka ule masharti ya kuuacha moto uwake yalikazwa, kwa sababu kuchunga bila masharti ni kutelekeza.

Lakini somo linalotugusa zaidi linatoka Afrika Kusini. Parki ya Kruger ilikuwa imechoma nyasi kwa ratiba tangu 1957, kipande kwa kipande, kila baada ya miaka mitatu hivi. Mwaka 1992 wakaamua kujaribu kitu kizuri: radi iachwe iwashe inapotaka, na mioto ya watu izimwe. Nia ilikuwa njema na wataalamu walikuwepo. Ilichukua miaka kumi hivi kuonekana kwamba haiwezekani, kwa sababu sehemu kubwa ya eneo lililoungua ilikuwa imewashwa na watu. Walinzi walimaliza nguvu zao wakikimbizana na mioto ya binadamu, na radi ilipokuja ilikuta nyasi zimeshaungua. Ikabidi waiache sera hiyo na kutafuta njia ya kuchanganya.

Hapo ndipo Majengo inapoingia, na ndiyo sababu ya kuwaandikia ninyi badala ya walinzi. Uwanda uliochomwa na mwindaji mwezi wa Julai, ili apate kuona wanyama, hauna tena nyasi za kupokea radi ya Septemba. Msitu uliojaa matanuri ya makala yanayolindwa na watu wenye silaha hauwezi kuachiwa moto wa lava utembee, kwa sababu mlinzi akiona moshi hajui ni wa mlima au wa watu, na akikaribia anaweza kupokewa na risasi. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamekufa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020 pekee waliuawa 12 kwa siku moja karibu na Rumangabo, pamoja na raia watano. Hakuna anayeweza kuutembelea moto, kuupima na kuuacha kwa busara, katika nchi ambayo moshi ni alama ya silaha. Na moshi mwingi wa silaha hizo unalipiwa na gunia la makala linaloshuka kwa chukudu mpaka sokoni kwetu.

Sitamtupia mama yeyote wa Majengo lawama kwa mbabula anayowasha asubuhi. Mwenye watoto sita na kazi ya siku kwa siku hawezi kuambiwa aache makala kwa ajili ya nyasi za Rwindi. Wala waliokimbia vita wakakaa katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala hawakuwa na kuni nyingine ila zile za parki. Walikuwa wakiokoa roho zao, na Januari 2025 vita hivyo vikaingia hadi katikati ya mji. Nasema na sisi tunaoweza kitu, kila mmoja kwa kadiri yake.

Wenye restora, malewa na mikate, ninyi mnatumia kwa wiki moja makala na kuni ambazo familia hutumia kwa miezi. Anzeni ninyi. Jiko la udongo lililojengwa vizuri, sufuria yenye kifuniko, maharage yaliyolowekwa tangu jioni: haya hayahitaji mradi wa wazungu. Wenye nyumba za kupangisha, umeme wa maji wa Matebe, ule wa megawati 13.6 uliofunguliwa Desemba 2015, umefika katika sehemu za mji wetu. Mruhusuni mpangaji anayetaka mita yake mwenyewe aiweke, bila kumpandishia kodi kwa sababu hiyo. Anayepika kwa umeme hata mlo mmoja kwa siku ameondoa gunia fulani barabarani. Na mnunuzi mwenye uwezo amwulize muuzaji: makala haya yametoka kwenye mashamba ya miti ya watu au msituni? Wengi hawatajibu kweli, lakini swali likiulizwa na nyumba ishirini za avenyu moja, litaanza kusikika huko juu.

Kuna pia jambo la simu zetu. Kila anga inapong'aa nyekundu juu ya Nyiragongo, au moshi unapoonekana upande wa Nyamulagira, WhatsApp zinajaa kabla ya dakika kumi: picha za mlipuko wa 2002, sauti za ule wa 2021, na mtu anayedai ana ndugu kwenye Observatwari ya volkano. Watu wamejeruhiwa wakikimbia habari za namna hiyo, na watoto wamepotea. Naomba tuzoee maswali matatu kabla ya kutuma: ni wapi, ni leo, na nani ameuona kwa macho yake? Moshi ukiwa karibu na nyumba au mashamba, piga simu mara moja, kwa chifu wa kartie na kwa ulinzi wa raia. Ukiwa ndani kabisa ya parki, mbali na watu, uwezekano mkubwa ni kwamba tunahitaji habari zaidi kuliko tunavyohitaji mbio.

Vijana wa Chuo Kikuu cha Goma, hapa nawahitaji ninyi. Setilaiti hupita juu yetu kila siku na kuandika mahali penye joto kali, na NASA hutoa ramani hizo bure kwa yeyote mwenye intaneti. Alama moja ya kifaa cha VIIRS inasimamia eneo la mita 375 hivi kila upande. Lakini setilaiti inaona joto tu, haijui chanzo. Lava ndani ya shimo la Nyiragongo inaweza kuonekana humo kama moto wa msitu, na tanuri dogo la makala linaweza lisionekane kabisa. Kazi ya kutenganisha ni ya mtu anayeijua nchi: huu ni mlima, huu umefuata radi ya jana jioni, huu umeanzia kando ya njia ya watu. Kikundi cha wanafunzi watano wenye bidii kinaweza kuandaa taarifa ya wiki kwa Kiswahili, ikasomwa redioni na makanisani. Baada ya misimu michache tungekuwa na daftari la mioto yetu wenyewe, na parki ingeweza kuamua kwa kulitazama.

Nanyi wa parki na wa Observatwari, tunawapenda na tunawaomba. Mnapoamua kuuacha moto uwake, tuambieni mapema na mtuambie kwa nini, kwa lugha tunayoongea sokoni. Parki hii ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, na kwa muda mrefu iliendeshwa na watu walioamini kwamba asili inalindwa kwa kumfungia nje mwenyeji na kumnyamazisha. Wafugaji na wawindaji wa uwanda walioujua moto, mwezi wake na upepo wake, hawakuulizwa. Baada ya miaka mia moja, inatosha. Wekeni ramani ukutani katika ofisi ya kartie, ioneshe ni wapi moto wa radi utaachwa, ni wapi utazimwa siku zote, na nani wa kupigiwa simu.

Wengi wa wanaojua mambo haya wanaishi hapa hapa Majengo. Wako wazee waliotoka Rutshuru, Rwindi, Tongo na Vitshumbi wakikimbia vita vya miaka tofauti, ambao leo wanakaa chumba kimoja na wajukuu. Wanakumbuka ni kilima gani radi ilikuwa ikikiwasha, moto uliishia kwenye mto gani, na mbogo walionekana wapi baada ya mvua ya kwanza. Baba zetu, mama zetu, tunaomba mtusimulie. Jumamosi ya salongo, kazi ikiisha, tubaki saa moja zaidi pale pale tulipofagia. Mwanafunzi alete daftari na ramani, mzee aweke kidole mahali, na jina la mahali hapo liandikwe jinsi anavyolitamka yeye.